UZI: Siku sita kusaka ndege, Amani hadi Mkomazi hadi mashamba ya chumvi Tanga (na ugomvi wa ndege wa 164)

mwana_chumbageni:

Wakuu, habari za jioni. Nilipotea humu wiki mbili. Wiki ya kwanza nilikuwa safarini, ya pili nilikuwa nafuta picha za majani kwenye simu. Kila picha niliyodhani nimepata ndege, ndege kashaondoka, limebaki tawi.

Tulikuwa watu saba na dereva. Walimu wawili, muuguzi mmoja mstaafu (huyu ndiye kiongozi, tunamwita Mama Darubini), fundi friji, vijana wawili wa chuo, na mimi. Tulichanga, tukakodi gari, mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Ratiba: Tanga mjini, Muheza, Amani usiku mbili, Lushoto usiku mmoja, Mkomazi usiku mbili, halafu kurudi nyumbani kumalizia pwani. Milima, nyika na maji ya chumvi kwa safari moja, na karibu yote ni barabara ile ile tunayopita kila siku kwenda Arusha tukiwa tumelala na midomo wazi.

Nawasimulia kidogo kidogo. Mwenye haraka akapike kwanza.

SIKU YA 1 NA YA 2: AMANI

Muheza tuliiacha barabara kuu, lami ikatuaga, tukaanza kupanda. Zigi, langoni mwa hifadhi, mnalipa na kujiandikisha. Ule mto Zigi mnaousikia pale chini ndio unaoshuka mpaka bwawa la Mabayani, ndio maji ya bomba tunayooga hapa mjini. Mimi nina miaka 41, nimeyanywa maji haya tangu naachishwa ziwa, na sikuwahi kupanda kuona yanatoka wapi. Aibu yangu mwenyewe.

Juu Amani ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia ipo mpaka leo. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mawingu ya Bahari ya Hindi yakigonga milima hii yanamwaga mvua, na yamefanya hivyo kwa muda mrefu kupita akili, hata bara lilipokauka. Ndiyo maana kuna viumbe walibaki humu kama watu walionasa kisiwani.

Sasa kosa letu la kwanza. Tulikwenda na macho. Msituni macho hayakusaidii kitu. Miti mita thelathini, arobaini, juu kumefunga, chini giza saa nne asubuhi. Unasikia ndege ishirini, unaona sifuri. Tulisimama njiani saa nzima shingo zimekakamaa, mwalimu mmoja akasema anahisi yuko kwa kinyozi.

Hondohondo tu ndiye hakujificha. Wale wakubwa wenye pembe juu ya mdomo, wakipita mabawa yao yanavuma hata usipoinua kichwa unajua kapita nani. Na shorobo: kijani kibichi, ukidhani ni jani, halafu anaruka na mabawa mekundu kama bendera. Kijana mmoja wa chuo alipiga kelele, tukamfukuzia mbali sisi wenyewe.

Mama Darubini akatukalisha kwenye gogo. "Fumbeni macho. Kila mtu anihesabie sauti tofauti." Nilipata nne. Yeye alipata kumi na moja. Kazini alikuwa wodi ya watoto, anasema ukizoea kutambua mtoto gani analia gizani, ndege ni kazi ndogo.

Naendelea baadaye, kuna mgeni kaja.

Kipanga_Mweusi:

Niko siti ya mbele na karanga. Endelea mkuu.

fundi_redio:

Mkuu darubini mlitumia ipi? Mimi ninayo ya kutazamia mpira, naona ukungu tu.

mwana_chumbageni:

@fundi_redio tazama namba zilizoandikwa ubavuni. Mfano 8x42: nane ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana kinaingiza mwanga, na msituni mwanga ndiyo mali. Watu wanakimbilia inayovuta mara 20 wakidhani ndiyo bora. Mkono ukitetemeka kidogo, ndege anacheza mdundiko. Sisi saba tulikuwa na darubini nne, tukagawana kama miwani ya mzee.

bibie_muheza:

Mmekuja kwetu hamkupiga hata hodi 😂 Mlimpata yule mdogo? Wageni wote wanaokuja Amani wanamuulizia yeye, kamdomo karefu.

mwana_chumbageni:

Dada, ndiyo nafika hapo, na ndiyo kiini cha uzi wenyewe.

Kuna kindege kinaitwa kitaalamu *Artisornis moreaui*. Wazungu wamempa jina la fundi cherehani mwenye mdomo mrefu. Jina la mwisho ni la Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuja kufanya kazi Amani mwaka 1928, akakaa mpaka miaka ya 1940, na kazi yake ya ofisini haikuwa ndege. Ndege alijifunza hapo hapo. Huyu kindege dunia nzima anapatikana sehemu mbili: Usambara Mashariki na safu ya Njesi kule kaskazini ya Msumbiji. Basi. Katikati hapo hakuna.

Ukimwona hutashangaa. Kijivu, mdogo, mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Hana rangi, hana mkia wa maana. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama, na mtu wa Tanga ukimtajia atadhani unamzungumzia cherehani kweli.

Tulimtafuta siku nzima ya pili. Anapenda mahali msitu ulipofunguka kidogo, mti ulianguka, mimea ya kutambaa ikajikunja ikafanya kichaka. Tulimsikia mara tatu. Noti moja, kali, inarudiwa, inarudiwa, halafu kimya. Kila tukigeuka, majani yanatikisika, basi. Mimi nilivaa koti la mvua linalochakacha, nikaambiwa nilivue. Nikavua, mvua ikanyesha.

Kijana mmoja akatoa simu, akapiga sauti ya ndege huyo iliyorekodiwa ili aje. Mama Darubini akaizima. Akasema umempigia mtu hodi usiku kwa sauti ya mwizi, anatoka kupigana, anaacha watoto, na kesho anakuja mgeni mwingine na simu nyingine. Kijana akanuna mpaka chakula cha jioni.

Tulirudi saa kumi na mbili, tumelowa, tumeshindwa. Dereva wetu hakwenda msituni, alisema yeye kaajiriwa kuendesha, si kuloa. Tulimkuta barazani kwa bibi mmoja jirani na tulipofikia, anakunywa chai ya tangawizi na muhogo. Tukasalimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mwatafuta nini tangu asubuhi na hayo madude shingoni?"

Mwalimu akamweleza: mdogo, kijivu, mdomo mrefu. Akamuigizia na mlio.

Bibi akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Huyo? Si anakaa hapo nyuma ya jiko langu, kwenye ile mitambazi! Kila asubuhi anipigia kelele. Huyu kijana wenu ndo kwanza kamwona."

Dereva akaitika, mdomo umejaa muhogo.

Kipanga_Mweusi:

🤣🤣🤣 Dereva kala muhogo kala na ndege.

msambaa_halisi:

Kesho yake asubuhi hamkurudi kwa bibi?

mwana_chumbageni:

Tulirudi saa kumi na mbili kamili. Mvua. Ukungu mzito hata jiko lenyewe hulioni. Alilia mara mbili, sote saba tukamsikia, mita tano labda. Hakutoka. Saa tatu ilibidi tuondoke.

Kwa hiyo orodha yetu ya safari nzima ina ndege 163. Wa 164 amesikiwa na saba na kuonwa na dereva. Nusu ya kundi wanasema ahesabiwe. Nusu hawataki. Nawaachia nyie.

mzee_wa_Korogwe:

Kusikia si kuona. Nikisikia redio inasema waziri yuko Korogwe haina maana nimemwona waziri.

bibie_muheza:

Mzee shikamoo, lakini hapana. Ukisikia mkeo anakohoa chumba cha pili unajua ni yeye, huendi kuhakikisha. Msituni sauti ndiyo sura. Hata wataalamu wanaohesabu ndege msituni hesabu yao kubwa ni ya masikio.

mzee_wa_Korogwe:

Marahaba binti. Mke wangu nimeishi naye miaka thelathini na nne. Hao wamemjua ndege siku moja kwenye simu.

fundi_redio:

Mzee kapiga msumari hapo.

Kipanga_Mweusi:

Na bundi je? Usambara si kuna bundi mkubwa?

mwana_chumbageni:

Yupo, *Bubo vosseleri*. Naye kapewa jina la Mjerumani, Vosseler, aliyekuwa Amani enzi hizo. Usiku wa kwanza tulitoka na tochi. Mwalimu mmoja alibaki chumbani, akasema kwao bundi hafuatwi, bundi ndiye anakufuata, na akija asubuhi mnatafuta sanda. Sikumcheka, nami moyo ulikuwa unadunda. Tulisikia kitu kizito kinanguruma chini kwa chini mbali bondeni, Mama Darubini hakuridhika, hatukumwandika. Sasa mjue huyu mama hesabu zake hazina huruma, halafu ndiye anayetaka wa 164 aandikwe!

SIKU YA 3: LUSHOTO

Hapa sitakaa sana. Mnashuka Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, mnapanda tena kwa Soni. Ukitazama ramani, Usambara Mashariki na Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera tu, kitu cha kuvuka asubuhi moja. Lakini kwa ndege wa msituni bonde lile ni bahari. Kuna kindege cha chini chini vichakani, *Sheppardia montana*, kiko Usambara Magharibi peke yake, hakijawahi kuvuka kwenda kusalimia Amani. Tulimwona msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, sekunde mbili, mgongo tu. Mgongo unahesabiwa.

Baridi ya Magamba saa kumi na mbili asubuhi ni ya kuadhibu. Watu wa Tanga tulivaa khanga za Mama Darubini kichwani. Mnana wa Usambara hatukumpata. Fundi friji akasema hapa yeye hana kazi, nchi nzima ni friji.

msambaa_halisi:

Mmepita kwetu siku moja, mmetusengenya baridi, mkaondoka. Hata matunda hamkununua?

mwana_chumbageni:

Tulinunua pichesi Soni, ndoo nzima. Zilitusaidia Mkomazi, utaona.

SIKU YA 4 NA YA 5: MKOMAZI

Kutoka Mombo kwenda Same mvua inakatika kama imekatwa na kisu. Milima inabaki kulia, upande wa pili mwiba na vumbi. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa 2008, na imepakana na Tsavo ya Kenya. Ndege hawajui mpaka uko wapi. Watu wanakwenda kwa ajili ya faru. Sisi tulimwambia mhifadhi tunataka ndege, akatutazama kama tumekwenda harusini kutafuta maji ya kunywa.

Nyikani ni kinyume cha Amani: macho yanarudi kazini. Karani tamba anatembea majanini kama mkaguzi wa shule, miguu mirefu, manyoya kisogoni kama kalamu. Tandawala, ndege mzito kupita maelezo, na bado anaruka. Kwezi wa kifua cha dhahabu, wale rangi zao ukizipeleka kwa fundi kushona atakwambia zimezidi. Na kanga tumbusi! Kanga wetu wa kawaida tunamjua, madoadoa. Huyu kichwa kipara kama tumbusi, shingo ina mistari mirefu ya bluu na nyeupe imening'inia. Mama Darubini akasema huyu ndiye kanga wa sikukuu.

Gari likazama kwenye tope la korongo saa nane mchana siku ya tano. Mwenye gari alituapia tairi ni mpya. Tulizitazama, zilikuwa laini kama kisigino cha mtoto. Kwa muda wa saa tatu tumekaa pale, hairuhusiwi kutembea ovyo, tunakula pichesi. Na hapo hapo ndipo tulipoona kitu cha safari nzima.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Dakika kumi, hewa yote inametameta. Halafu juu wakaja kozi wadogo, kijivu, miguu rangi ya chungwa. Kumi. Hamsini. Tukaacha kuhesabu kwenye mia mbili. Kozi wa Amur. Hawa wanazaliana Siberia ya kusini mashariki na kaskazini ya China, wanapita kaskazini mashariki ya India, wanavuka Bahari ya Hindi bila kutua, wanakwenda kusini mwa Afrika. Wanakata maji yale kwa siku kadhaa, wakifika bara wanafuata mvua, kwa sababu mvua ndiyo inatoa kumbikumbi. Wanamdaka kwa mguu, wanamla hewani, mabawa ya kumbikumbi yanatuangukia kichwani.

Katikati yao, chini kabisa, tai wakubwa wa kahawia wametua ardhini wanatembea wanaokota kumbikumbi kama kuku. Tai nyika, naye mgeni kutoka nyika za Asia. Tai mwenye makucha ya kubeba sungura, kaja kutoka huko kote, anaokota kumbikumbi mmoja mmoja. Fundi friji akasema, "Na mimi utotoni nilikuwa nawakaanga hivyo hivyo, sikujua nakula chakula cha Warusi."

Hakuna aliyetaka gari litoke.

Kipanga_Mweusi:

Hapo kwa kumbikumbi nimesoma mara mbili.

mzee_wa_Korogwe:

Kumbikumbi na chumvi kidogo. Hao ndege wana akili.

mvuvi_Sahare:

Naona umefika Mkomazi. Pwani mlikwenda maji yakiwa vipi? Wengi wanakosea hapo.

mwana_chumbageni:

Mzee mvuvi, tulikosea.

SIKU YA 6: MASHAMBA YA CHUMVI

Tulifika kwenye mashamba ya chumvi upande wa Mkinga saa tatu asubuhi, bamvua (siku zile maji yanajaa sana na kupwa sana), maji yamekupwa mpaka mwisho. Matope kilomita nzima mbele, na ndege wote wako ukingoni kule, vidoti. Darubini zote nne zikaona vidoti vikubwa kidogo. Kijana mmoja wa shamba la chumvi, anakusanya chumvi na reki, akatuambia twende tukanywe chai, maji yakijaa watakuja wenyewe.

Saa saba wakaja. Maji yakipanda yanawanyang'anya sehemu ya kula, wanahamia kwenye madimbwi ya chumvi kupumzika mpaka yapwe. Kundi kwa kundi, chini chini juu ya mikoko: sululu, kipila, vitwitwi wa kila saizi, buabua, yangeyange. Wengi wao nao ni wageni wa msimu, wanakuja kuanzia mwezi wa tisa, wanaondoka mwezi wa nne. Tulikaa nyuma ya rundo la chumvi, mita thelathini, wala hawakutujali.

Na mmoja sikuwahi kumjua: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kufungulia chaza. Anakula kaa. Huyu anazaliana kandokando ya Uarabuni na Bahari ya Shamu, na anataga chini, kwenye shimo la mchanga analolichimba mwenyewe, maana jua la kule lingepika yai. Yuko Tanga miezi mingi kila mwaka. Mimi nimevua kamba maeneo yale utotoni.

mvuvi_Sahare:

Namjua. Anatembea na mtoto wake nyuma anamlilia chakula, mtoto mkubwa kama yeye. Sisi hatumpigi, kwanza nyama yake inanuka kaa.

Ukitaka kuja tena, njoo bamvua saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae upande jua liko mgongoni. Maji mafu usijisumbue, hayafiki juu, ndege hawahami.

mwana_chumbageni:

Mzee, laiti ningekuuliza kabla ya safari.

fundi_redio:

Tusikimbie hoja. Ndege ni 163 au 164?

bibie_muheza:

164. Bibi shahidi.

mzee_wa_Korogwe:

163. Bibi hakuchanga nauli.

dereva_wa_safari:

Habari zenu wakubwa. Nimetumiwa huu uzi na mwalimu. Mimi ndiye dereva.

Nilimwona, sihitaji kugombewa. Nilikuwa nimekaa, bibi akasema usigeuke haraka. Akatoka chini ya yale majani, akapanda kamba ya kuanikia nguo. Mdogo kuliko shore. Kijivu. Mdomo mrefu, mpaka nikadhani kashika kijiti, nikangoja akidondoshe, hakikudondoka. Akalia, tiii tiii tiii hivi, akarudi ndani. Hata chai haikupoa.

Kuhusu tairi, mimi nilimwambia mwenye gari mapema. Hilo liandikwe pia.

mzee_wa_Korogwe:

Hicho kijiti kimenigusa. 164.

Kipanga_Mweusi:

Dereva picha hukupiga?

dereva_wa_safari:

Nilipiga tatu. Zote zimetoka gauni la bibi.